Unaishia Shimo la Ngapi?

Katika milima yetu ya Umatengo, mtu anayetaka kulinda shamba kwa upinde haulizwi kwanza kama ana macho mazuri wala kama ana mishale ya kutosha. Huulizwa: "Unaishia shimo la ngapi?" Asiyeweza kujibu kwa nambari moja, bila "labda" na bila "inategemea", hupewa debe na fimbo akapige kelele bondeni pamoja na wafukuzaji. Nimelitetea swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, darasani na nje ya darasa, kwa ukali ambao baadhi ya majirani waliuona umezidi. Naandika haya kwa sababu swali lilinirudia mwenyewe, na namna lilivyonirudia inaniudhi hadi leo.

Mashimo ninayoyasema ni ya ngoro. Sisi hulima kwenye miteremko mikali. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake huyafukia kwa udongo yawe matuta, na katikati ya kila matuta manne hubaki shimo la kupokea maji ya mvua. Ukisimama ng'ambo ya bonde utaona mlima mzima kama sega la nyuki. Toka katikati ya shimo moja hadi katikati ya la pili ni hatua mbili na nusu za mtu mzima, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo mlinzi wa shamba la Kitura, kijiji chetu, hana sababu ya kukisia umbali. Mlima wenyewe umekwisha kupimwa, na waliopima ni mama yake na shangazi zake kwa majembe.

Marehemu baba, ambaye hakuwa mpole na hakujisingizia upole, alikuwa na utaratibu mmoja. Kila mwaka, kabla mahindi hayajakauka, alichukua kikapu kikuukuu chenye upana wa kifua cha nguruwe pori, akakijaza majani, akakitega kwenye tuta. Mpigaji alisimama shimo la kwanza na mishale mitano. Yote mitano ikiingia kikapuni, alirudi nyuma shimo moja. Ikiingia minne, mtihani ulikwisha: shimo lililotangulia ndilo aliloishia, na mwaka ule hakuruhusiwa kumlenga mnyama aliye mbali zaidi ya hapo. Niliwahi kumwambia kwamba minne kati ya mitano ni alama nzuri sana shuleni. Alinijibu kwamba shuleni anayekosewa ni karatasi.

Mishale yetu haina sumu. Ikipita kwenye mapafu au moyo, mnyama huanguka karibu. Ikipita pengine popote, huo si uwindaji, ni utesaji, na anayelipa si aliyekosea. Jambo hili ni jepesi kiasi kwamba mtoto hulielewa akiambiwa mara moja, lakini nimeishi na wanaume wazima ambao hawakulielewa wakiambiwa maisha yao yote. Mwanamume anayekiri bila haya kwamba hajui kupika, hajui kuogelea, hajui hata mwanawe yuko darasa gani, ataona aibu kukiri kwamba hawezi shimo la kumi na mbili. "Mshale wangu unafika," atasema. Unafika, ndiyo. Hata jiwe la mtoto hufika. Kufika si kupata.

Sasa nije kwa shemeji yangu.

Shemeji ni Mnyasa wa Lipingo, kijiji cha ufuoni mwa Ziwa Nyasa, na amemwoa mdogo wangu wa mwisho. Walipopewa sehemu ya shamba la baba walipanda kuja kuishi Kitura, naye akajifunza kahawa na mahindi kwa bidii ambayo siwezi kuikosoa, ingawa nilijaribu. Mwaka jana nguruwe pori walianza kuingia shambani mwao kila alfajiri. Nusu ya juu ilikuwa imekwisha kuvunwa, mabua yamelazwa mashimoni. Nusu ya chini mahindi bado yalikuwa yamesimama, na ndiyo yaliyokuwa yanaliwa. Kijiji kilikuwa na kibali cha kuwaua waliozoea mashamba. Shemeji akaja kwangu na upinde alioutengeneza mwenyewe, upinde mzuri, upote wake, yaani kamba, umesokotwa vizuri kuliko wangu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Unaishia shimo la ngapi?"

"Naishia nini?"

"Shimo. La ngapi?"

"Mimi niliishia darasa la saba, shemeji. Kwenye upinde bado nasoma."

Mdogo wangu, aliyekuwa anapepeta maharage pembeni, alicheka hadi akaweka ungo chini. Mimi sikucheka.

"Sitanii. Nataka nambari."

Alitazama juu, midomo ikitembea. "Ishirini," akasema.

"Ishirini!"

"Ishirini kamili. Mishale mitano, yote ndani. Nilipokwenda kumsalimu mama nilipima mwenyewe, kule kwetu mchangani. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini."

Baba, ambaye alikuwa mpigaji bora kuliko wote niliowajua, aliishia la kumi na moja. Mimi niliishia la tisa. Na huyu mtu wa samaki alikuwa amekaa kwenye kigoda changu akisema ishirini, bila hata kukohoa. Nilimhubiria. Nilimweleza kuhusu majivuno, kuhusu mnyama asiye na kosa, kuhusu tofauti ya kufika na kupata. Kisha nikampa kanuni ya baba neno kwa neno: macho ni waongo, hasa kwenye mteremko na kwenye ukungu, usiyaamini. Hesabu mashimo. Nambari yako ikikuruhusu, achia; isipokuruhusu, shusha upinde hata kama nguruwe anakucheka. Alisikiliza kwa adabu yote, akaitikia "ndiyo shemeji" kila palipostahili. Neno moja alilolisema, "mchangani", lilipita sikioni mwangu kama pikipiki inavyopita barabarani. Mimi ninayewasahihishia wanafunzi kila herufi sikuuliza mchangani kuna mashimo gani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nililificha kwa muda. Kwa utaratibu wa baba, nilipaswa kutega kikapu palepale na kumpima. Sikutega. Niliamini kwamba ni mwongo, nikamruhusu aende na uongo wake, kwa sababu nilitaka aaibike. Nilifikiri atakosa vibaya, mshale utapotelea kwenye mabua, nguruwe atakimbia mzima, naye atarudi ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimeyaandaa hata maneno ya kumpokea nayo. Kwa maneno mengine, nilimweka mnyama aliye hai mahali pa kikapu ili nimfunze mtu adabu.

Alfajiri tuliyokwenda ilikuwa na baridi ya Juni, ile inayouma vidole, na ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka bondeni. Tulikaa juu, kwenye ukingo wa mibuni, yeye kushoto, mimi kulia. Palipopambazuka vya kutosha kuona matuta, nguruwe mmoja mkubwa, mwekundu mgongoni, alitoka kwenye mahindi na kuanza kuokota mahindi yaliyoachwa katika sehemu iliyovunwa. Alikuwa mbali mno. Nilihesabu: la kumi na saba. Nikauweka upinde magotini, nikangoja asogee. Nilipogeuka kumtazama shemeji nilimwona anahesabu kwa kidevu, shimo kwa shimo, kama nilivyomfundisha. Alipomaliza alisimama, akavuta, akaachia.

Nguruwe alilia. Anayejua sauti hiyo hahitaji kuelezwa, na asiyeijua asiombe kuijua. Mshale ulikuwa umeingia pajani. Alizunguka mara moja kama anayemtafuta aliyemuuma, kisha akayapasua mahindi na kuteremka bondeni, kwenye matete ya kijito ambako nyumba zote za upande ule huchota maji.

Nilifika kwa shemeji nikiwa nimepandwa na hasira.

"Umepiga shimo la ngapi?"

"La kumi na saba." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ndani ya ishirini, shemeji."

"Hukuona kwamba ni mbali?"

"Niliona ni mbali sana. Nikajiambia, shemeji amesema macho ni waongo."

"Hiyo ishirini yako uliipimaje?"

"Kwa hatua."

"Hatua?"

"Hatua moja, shimo moja. Si ndicho kipimo chenu? Kule ufuoni hakuna ngoro, nikapiga hatua."

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga siku tatu kabla. Hatua ishirini ni mashimo manane. Mtu huyu hakuwa amejivuna hata kidogo. Alikuwa ameniambia kweli tupu, kwa kipimo cha kwao, nambari ndogo kuliko yangu. Kisha akatii kanuni yangu kuliko alivyotii macho yake mwenyewe. Angekuwa mkaidi, nguruwe angekuwa mzima. Nimefundisha miaka mingi nikilalamika kwamba hakuna anayenisikiliza. Siku moja akatokea aliyenisikiliza.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kutoka na ndoo, na nyuma yake majirani watatu wanawake, ndoo zao pia.

"Kaka, nikachote maji au nisichote?"

"Msishuke. Kuna nguruwe aliyejeruhiwa kwenye matete ya kijitoni. Atamrarua mtu."

"Kajeruhiwa na nani?"

Mimi na shemeji tulitazama pinde zetu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka tumpate."

"Basi mpateni," alisema, akageuza ndoo akaikalia. "Watoto hawajanywa hata uji. Wanaume wawili wazima na pinde mbili, mmemgawana nguruwe mmoja nusu nusu."

Mmoja wa majirani akasema, "Mwalimu atampigia kengele, atatoka tu." Wakacheka, lakini hakuna aliyeshuka.

Tulifuata damu. Ilikuwa kidogo, nyeusi, kwenye majani ya mahindi kwa kimo cha goti, kisha kwenye nyasi, kisha haionekani, kisha inaonekana tena upande ambao hatukuutarajia. Mnyama aliyepigwa pajani anaweza kutembea siku nzima na kufa baada ya siku nne. Jua lilikuwa limekwisha kuuondoa ukungu nasi tulikuwa bado tunapekua matete hatua kwa hatua, mshale umewekwa tayari, masikio yamesimama. Nami, badala ya kunyamaza kama mtafutaji mwenye akili, nilikuwa nahubiri. Nilimwambia shemeji kwamba kipimo lazima kiulizwe. Nilimwambia kwamba mtu mgeni hujifunza lugha ya mahali kabla ya kuhesabu kwa lugha hiyo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini bila kugeuka, "ukiendelea hivyo nguruwe atasikia, atatubu, tutakosa hata nyama."

Nikanyamaza. Baada ya hatua kadhaa akauliza, "Na wewe unaishia la ngapi?"

"La tisa."

"Ulipimwa lini?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Nilitafuta jibu na nikalipata, nikatamani nisingelipata. Mara ya mwisho kusimama mbele ya kikapu, mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la kwanza. Sasa ananyoa ndevu. Katikati ya wakati huo nilikuwa nimeanza kuvaa miwani, bega la kulia lilikuwa limeteguka na kupona nusu, na kila mwaka nilikuwa nimewapima watu wengine.

"Zamani kidogo," nikasema.

"Aa," akasema shemeji. Akaendelea kupekua matete, na ninamshukuru, ingawa wakati ule hiyo "aa" ilinichoma kuliko tusi.

Tulimkuta karibu na mahali wanawake wanapoinamia kuchota, umbali wa kurusha kata ya maji. Alikuwa amelala ubavu kwenye tope, uti wa mshale umevunjika, kifua kinapanda na kushuka haraka. Alituona. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia. Palikuwa na uwazi mmoja katikati ya matete, na nyuma ya bega lake la kushoto palionekana wazi. Kwa heshima shemeji alirudi nyuma kunipisha. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye kanuni.

Nilivuta. Bega lilianza kutetemeka kabla upote haujafika kidevuni. Miwani ilikuwa na unyevu. Uwazi ule mdogo ulikuwa unakwenda na kurudi, na nilijua kwamba nikiachia huenda nikapata na huenda nikamwongezea mshale wa pili wa mateso; lakini jambo lililonishusha mkono halikuwa kutetemeka. Nilijiuliza swali letu, naishia shimo la ngapi, na kwa mwaka ule sikuwa na nambari. Mtu asiye na nambari hupewa debe. Nilikuwa nimewapokonya watu wengine pinde kwa sababu hiyohiyo.

Nilishusha upinde. "Piga wewe," nikamwambia.

"Mimi? Baada ya asubuhi hii?"

"Pima kwa hatua. Kwa hatua zako za mchangani. Usinisikilize mimi."

Alitazama tope lililokuwa kati yake na mnyama, midomo ikitembea. "Kumi na nne," akasema. Akavuta bila haraka. Mshale uliingia nyuma ya bega hadi manyoya yake, na nguruwe akashusha kichwa kama aliyechoka kusubiri. Nilihesabu pumzi zake. Zilikuwa tatu.

Tulipopanda na habari, mdogo wangu aliinuka kwenye ndoo yake. "Nani kamaliza?"

"Mume wako," nikasema.

"Na nani kaanza?"

"Mimi," nikasema. Alinitazama, kisha akatazama mshale uliovunjika mkononi mwa mumewe, kisha akashuka kuchota maji. Sidhani aliamini, kwa maana alidhani namfichia mumewe aibu. Nilimweleza baadaye, na hakupendezwa zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilikichukua kikapu cha baba darini, nikakijaza majani, nikakitega kwenye tuta la shamba lao. Nilitaka tuwe wawili tu. Walikuja kumi na mmoja, wengine na vigoda. Shemeji alianza, akarudi shimo kwa shimo, akaishia la nane, vilevile alivyosema kwa hatua zake. Kisha nikasimama mimi. La kwanza hadi la tano nilikwenda vizuri, na nikaanza kujiona. La sita, mshale wa tatu ulipita juu ya kikapu na kuingia kwenye tuta. Niliomba kurudia, nikidai kwamba upepo ulivuma. Hapakuwa na upepo.

"Minne kati ya mitano," alisema mdogo wangu, "shuleni ni alama nzuri sana." Alikuwapo nilipomwambia baba maneno hayo, na amekaa nayo miaka yote hiyo akingoja siku yake.

"Karibu darasa la tano, mwalimu," akasema shemeji.

Nguruwe haji shimo la tano. Katika uvunaji wote uliobaki sikumwona hata mmoja aliyesogea kiasi hicho, na kwa hiyo upinde wangu umetundikwa. Alfajiri mimi hushuka bondeni na debe na fimbo, pamoja na vijana na wasiojua nambari zao, tukapiga kelele kuwasukuma nguruwe wapande kuelekea kwa mtu anayeishia la nane. Ni kazi ya baridi na matope, haina heshima yoyote, na inaniudhi kila siku ninayoifanya. Shemeji, akiwa juu kwenye mibuni na upote wake mzuri, hukosa adabu ya kungoja kimya. Nikianza tu kugonga, sauti yake hushuka mlimani kama ya wapiga debe wa stendi wakiita abiria wa ufuoni: "Mbamba Bay! Mbamba Bay! Bado wawili!"

Nimemwambia mara nyingi kwamba anawashtua nguruwe. Hunijibu kwamba wamekwisha kumzoea, wanaokimbia ni wanaonisikia mimi.